Supu ya Ndama na Ujuaji Wangu

Bwana asifiwe! Mh, mmeitikia kama watu ambao hawajapata chai. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa nimewasikia.

Ndugu zangu, wengi mnanijua. Mimi ni Mama Baraka, nauza supu na chapati pale Mchikichini, upande wa viatu vya mitumba. Mchungaji amenipa dakika chache na nimemwahidi sitazunguka. Humu ndani wapo ambao Bwana amewatoa kwenye pombe, wapo aliowatoa kwa waganga. Mimi pombe sijawahi kuonja, na kwa mganga sijui hata mlango uko wapi. Mimi Bwana alinitoa kwenye ujuaji. Msicheke! Ujuaji wangu nusura umuue mkwe wangu Editha pamoja na mtoto tumboni, na nayasema haya kwa ruhusa yake mwenyewe.

Naanza na supu. Miaka mingi nimeuza supu ya ng'ombe ya kawaida kama akina mama wengine. Halafu muuza nyama mmoja kule Ilala akaanza kunipatia nyama ya ndama. Akaniambia, "Mama Baraka, ndama ana damu changa. Mtu akinywa supu yake, damu inapanda siku hiyohiyo." Alisema hivyo huku anafuta kisu chake, hata hakuniangalia usoni. Sikumuuliza kajuaje. Nilitoka pale buchani nimeshakuwa daktari!

Nikaandika kwenye ubao: SUPU YA NDAMA, INAONGEZA DAMU. Wachukuzi wakaja, wauza viatu wakaja, wanawake waliotoka kujifungua wakawa wanapelekewa kwenye chupa za chai. Mtu akisema ana kizunguzungu, namwambia anywe supu ya ndama. Mtu akisema kachoka, supu ya ndama. Nilihubiri ile supu kuliko nilivyowahi kulihubiri neno la Mungu, na naona aibu kulisema hilo hapa.

Aliyenikatalia ni mmoja tu, Hamisi, mwanamume wa makamo ambaye meza yake ya viatu inapakana na jiko langu. Yeye kila siku anakula wali maharage na mchicha kwa jirani yangu, anakamulia ndimu juu, na akipita kwangu ananitania. "Mama Baraka, hayo maji yako ya moto waachie wenye hela!" Nami namjibu, "Endelea na maharage yako, siku moja upepo utakubeba!" Watu wakicheka nacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nakereka kwelikweli.

Sasa Editha. Ni mke wa mwanangu Baraka, mtu wa Masasi kama sisi. Baraka anaendesha lori la mizigo, anaweza kumaliza wiki tatu hayupo. Editha alipopata mimba nikamwambia ahamie kwangu Ilala nimwangalie. Ni binti mpole, ukimwambia kaa, anakaa. Kwetu mkwe hambishii mama wa mume, na mimi hilo nililijua na nililitumia.

Kliniki wakampima, wakasema damu yake iko chini, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Vile vidonge vikawa vinamtia kichefuchefu. Hapo ndipo nilipoingia! Nikamwambia, "Mwanangu, achana na hivyo vitu, vitakuharibu tumbo. Watu wanatoka mpaka Kigogo kufuata supu yangu, wewe unayo ndani ya nyumba." Nikavichukua vidonge, nikaviweka juu ya kabati, na habari yake ikaishia hapo.

Akawa anakunywa supu bakuli tatu kwa siku. Supu tupu, nyama sikumpa. Sababu zilikuwa mbili na nitazisema zote, maana nimesimama mbele za Mungu. Ya kwanza, niliamini nguvu yote ya ndama imeshatoka kwenye nyama na kuingia kwenye maji, kwa hiyo ile nyama inayobaki ni makapi. Ya pili, hayo makapi wateja walikuwa wanayapenda sana. Halafu kila akimaliza supu nampa kikombe cha chai ya rangi, kali, eti ili supu ishuke vizuri. Na mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nakunywa, kuanzia ninapowasha jiko mpaka wateja wanapoisha.

Mimba ikafika mwezi wa sita. Editha akawa anahema akipanda vingazi vitatu vya kuingia ndani. Viganja vyake vikapauka. Siku moja nafua, nafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, nakuta udongo, ule wanaouza Kariakoo kwa wajawazito. Nikawaka! "Unakula udongo na supu yangu ipo? Unataka watu waseme nakunyima chakula?" Akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, mama." Ndugu zangu, mtu mwenye akili angejiuliza mwili wa yule binti unatafuta nini. Mimi nilimwongezea bakuli la nne.

Jumamosi moja, mnamo saa tatu asubuhi, alikuja sokoni kuniletea sahani nilizosahau nyumbani. Akaziweka mezani. Akasema, "Mama, naona giza," akaangukia kwenye viatu vya Hamisi. Midomo ilikuwa myeupe! Nikaanza kupiga kelele, Yesu, Yesu, Yesu, na nilipiga kelele bila kufanya kitu kingine chochote. Hamisi hakupiga kelele. Alimnyanyua, akasimamisha bajaji, akatuingiza wote wawili na yeye akapanda mbele na dereva. Meza yake aliiacha wazi, viatu vyote pale, hana wa kumwachia.

Hospitali wakampima haraka. Daktari akaja akasema damu ni sita, wakati mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja, mtoto mapigo yapo lakini hatuna muda wa kucheza nao, mama lazima aongezewe damu leo hii. Akasema ndugu tuchangie, hata kama kundi halifanani, kwa kuwa damu yetu itaingia benki na mgonjwa atapewa inayomfaa. Mimi nikanyoosha mkono mbele ya watu wote. Nikasema, "Chukueni yangu, chukueni nyingi. Mimi supu ya ndama nainywa kila siku ya Mungu."

Nesi akanichoma kidole. Akatazama kipimo chake, akanitazama mimi, akachoma kidole kingine. Kisha akasema taratibu, "Mama, wewe huwezi kuchangia. Hata wewe mwenyewe damu yako haitoshi."

Ndugu zangu, nilikosa pa kuficha uso. Mwanamke niliyeandika kwenye ubao kwamba naongeza damu, damu sina! Kama nilikuwa nakunywa ile supu miaka yote na niko hivi, basi yule binti nilikuwa nampa nini? Nikashika ukuta.

Hamisi akasogea mbele akakunja mkono wa shati. "Nichome na mimi, sista." Wakamchoma, damu yake ikatosha na ikabaki. Alipomaliza kutolewa wakampa soda na biskuti, akaja kukaa karibu yangu. Nikasubiri anitanie, maana siku hiyo alikuwa na haki zote za kunitania. Hakunitania. Akasema, "Mama, kaa chini kwanza, utaanguka na wewe." Hapo ndipo nilipolia.

Baadaye nesi akaniita pembeni.

"Mama, wewe ndiye unayempikia?"

"Ndiyo, sista."

"Huwa anakula nini?"

Nikaanza kuhubiri! Nikamweleza ndama, nikamweleza damu changa, nikamweleza bakuli nne na chai ya kushushia, nikamweleza mpaka vidonge na udongo. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akauliza, "Na nyama? Anakula vipande vingapi?"

"Hata kimoja, sista," nikasema. "Nyama ni ya wateja."

Yule sista hakunigombeza. Alinifundisha kama anavyofundishwa mtu aliyekubali kwamba hajui. Akasema, "Nyama ya ndama ni nzuri, sikukatazi. Ina protini ya kujenga mwili, ina vitamini B12 na zinki, mafuta yake ni kidogo kuliko ya ng'ombe mkubwa, na hata mzee asiye na meno anaitafuna. Lakini umeiangalia rangi yake? Imepauka. Madini ya chuma, yanayotengeneza damu, yako mengi zaidi kwenye nyama iliyo nyekundu, ya ng'ombe mkubwa, na kwenye maini. Mtu aliyepungukiwa damu ndama anamsaidia, ila peke yake hamtoshi. Na wewe hata hiyo nyama hukumpa. Umempa maji aliyoogea ndama."

Maji aliyoogea ndama! Nikakumbuka ubao wangu, nikatamani nipae.

Akaendelea. Chai ya rangi inazuia yale madini yasiingie mwilini, kwa hiyo tuiache ikae mbali na chakula, saa moja au mbili. Udongo nao ni hivyohivyo, tena hamu ya kuula inaweza kuwa dalili kwamba damu imepungua. Maharage na mchicha navyo vina chuma, na ukivikamulia ndimu mwili unakipata vizuri zaidi. Maini ni mazuri lakini mjamzito asile kila siku. Na vidonge asiache. Vikimtia kichefuchefu ameze baada ya kula, vikizidi arudi kliniki aseme. "Ndama siyo dawa, mama. Ni chakula."

Nilikwenda kukaa kwenye benchi nje ya wodi. Sikuomba kwa maneno mengi, sikuwa nayo. Nilisema, "Bwana, waache hawa wawili waishi, na mimi uninyamazishe." Ndugu zangu, alinijibu yote mawili, ingawa hilo la pili naona bado analifanyia kazi.

Damu ya chupa ya kwanza ikaisha, wakamwekea ya pili. Mchana ulipogeuka midomo yake ikaanza kurudi rangi, na nesi akaja na kipimo chao cha kumsikiliza mtoto akaniambia yuko vizuri, mapigo yamekaa sawa. Nikaingia, nikamshika mkono. Kwetu mama mkwe haombi radhi kwa mkwe wake, mimi sijawahi kuona. Niliomba. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilikaribia kukuua kwa mdomo wangu."

Akaitazama ile chupa ya damu juu. Halafu akasema, "Mama, ile supu mimi siipendi. Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Nikamuuliza, "Ulikuwa unataka kula nini, mwanangu?"

"Maharage, mama. Na kipande cha nyama."

Ndugu zangu, alitaka maharage na kipande cha nyama! Hakutaka kitu cha hotelini. Vitu ambavyo nilikuwa navitazama kila siku vikipakuliwa kwa watu wengine.

Tulitoka hospitali baada ya siku kadhaa. Vidonge nikavishusha kutoka juu ya kabati, na kila jioni baada ya chakula nilikuwa namkumbusha. Na mimi nikaandikiwa vyangu, nikameza. Baraka aliporudi nilimweleza mwenyewe kabla hajaambiwa na mtaa. Alikasirika, nami nikamwacha akasirike, sikumtetea mama yake. Mimba ilipofika mwezi wa tisa Editha akajifungua mtoto wa kike, mzima, sauti ya kutosha. Tumemwita Rehema. Asante Yesu! Asante tena!

Ubao nimeufuta. Sasa umeandikwa SUPU YA NDAMA, TAMU, basi, maana hilo nina uhakika nalo. Kila bakuli lina nyama ndani na kipande cha ndimu pembeni, na anayetaka chai namwambia asubiri. Wananisema sana! Mchukuzi mmoja kaniuliza, "Mama Baraka, umeokoka mpaka kwenye supu?" Nikamwambia ndiyo, huko ndiko dhambi ilikokuwa. Wateja wengine wamehama. Hamisi bado anakula maharage yake kwa jirani na utani umerudi palepale, nami namjibu, ila siku hizi kabla ya kumjibu huwa namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Sijasimama hapa kusema kwamba Mungu hawezi kuponya bila vidonge. Anaweza! Lakini mimi alinijibu kwa sindano ya nesi na mkono wa Hamisi, na nimeacha kumpangia apitie wapi. Kama upo hapa na una shida unayodhani unaijua dawa yake, mwamini yeye kuliko unavyojiamini. Mtegemee. Akikuletea mtu wa kukufundisha, kaa chini ufundishwe.

Na nyie mama wakwe wenzangu, nawaona mmeanza kutazama chini. Mkifika nyumbani leo, kabla hamjavua hivyo vitenge vya kanisani, kila mmoja amuulize mkwe wake, "Mwanangu, unataka kula nini?" Halafu mnyamaze mpaka ajibu. Wangu alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza, na nusura afe nalo.