Hakubakisha Hata ya Chai

Bwana asifiwe, wapendwa! Mnaniona nimesimama hapa, nami nawaona. Hilo la pili ndilo lililonileta mbele yenu.

Mimi ni rubani wa ndege ya kunyunyizia ngano dawa. Tunapita chini sana, karibu magurudumu yaguse masuke. Ndugu zangu, huko chini hakuna nafasi ya kukosea! Waya wa stima hauonekani kutoka angani. Sisi hutafuta nguzo. Ukiona nguzo, unajua waya upo.

Asubuhi ile kule Moiben nilizunguka shamba kwanza nikilikagua, kama ilivyo desturi yetu. Sikuona nguzo. Kumbe tangu msimu uliopita jirani alikuwa amevutiwa umeme, na nguzo zake zimefichwa na miti ya blugamu. Nikashuka. Nikasikia kishindo cha kugonga waya, na ngano ikanijia usoni.

Nilitambaa nje bila kuvunjika mfupa, lakini tangi la dawa lilikuwa limepasuka. Dawa ilinilowesha kuanzia kichwani, ikaingia machoni. Ilichoma, ndugu zangu! Nikafumbua, giza tupu. Nikalia, "Bwana, si macho yangu!" Mto ulikuwa mbali, na waya ulikuwa umelala kwenye ngano karibu nami. Watu walisimama kando wakipiga mayowe. Siwalaumu, stima haina rafiki.

Mama Nafula, mjane anayefanya vibarua mashambani, alikuwa akipita kupeleka maziwa sokoni. Nilisikia mtu akimkemea, "Mama, rudi! Hiyo ni stima, itakumaliza!"

Akajibu, "Na huyu mtoto wa wenyewe aungue macho nikiangalia tu?"

Alinishika kidevu, akanimwagia maziwa machoni polepole, akiomba kwa Kibukusu, mpaka mkebe ukaisha. Hakubakisha hata ya chai. Kisha giza likapasuka, nikaona uso wa mama mzee unaolia.

Daktari aliniambia hata maji yangefaa. Kilichookoa macho yangu, alisema, ni kuoshwa mapema. Haleluya! Bwana alimtuma mtu, na mtu akakubali kutumwa.

Ndugu yangu uliye gizani, mwite, mtumaini, anasikia. Na wewe uliyesimama kando ukiogopa, huenda jibu la mwenzako umelibeba mkononi.

Mama Nafula, simama tafadhali, kanisa likuone. Mimi nilishakuona, wa kwanza kabisa.