Cyrus Asava, Aliyetaka Friza Isafishwe Kwanza

Marehemu Cyrus Asava alizaliwa tarehe 14 Machi 1987 huko Shamakhokho, Kaunti ya Vihiga, akiwa kitindamimba wa Mama Kavulani, ambaye leo anatufuata kwa simu kwa kuwa mwanawe anazikwa hapa Jebel Ali, Dubai, ugenini. Mama, pole. Pole sana.

Alisoma shule ya msingi kwao Shamakhokho, akamaliza sekondari mwaka 2005, kisha akajifunza upishi mjini Kisumu. Dada yake Caren anakumbuka chapati zake za kwanza. Zilikuwa ngumu ajabu, na Cyrus, ili mtu asimcheke, alizila zote peke yake akalala akiumwa tumbo mpaka kesho yake.

Septemba 2012 alifika Dubai, akaajiriwa jikoni katika mkahawa mmoja wa Jumeirah Lake Towers. Tarehe 20 Desemba 2014 alifunga ndoa nyumbani na Agneta, na mwaka uliofuata wakajaliwa Daisy. Mwaka 2018 Agneta alimwacha mtoto kwa nyanya yake, akamfuata mumewe, akapata kazi ya usafi hotelini Al Barsha. Walipanga humo humo Al Barsha, chumba kilichogawanywa kwa mbao, na upande wa pili akakaa rafiki yao Harrison, mlinzi. Agneta alitaka jambo moja tu, yeye, Cyrus na Daisy waishi chini ya paa moja.

Tusidanganyane, tumekuja kuzika. Cyrus alikuwa akichachusha maji ya tende kwenye chupa za plastiki yawe pombe, ingawa hapa kuitengeneza nyumbani ni kifungo. Siku moja aliiweka chupa kwenye friza isije ikapasuka kwa joto. Kesho yake alikuta maji yamekuwa barafu, na kile kidogo kisichoganda, alipokimimina, kilikuwa kikali kama moto. Harrison alionja, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Haki ya nani, Cyrus, hii si ya watoto!" Wakacheka. Tangu hapo friza haikukosa chupa. Harrison aliacha mapema, Cyrus akashindwa. Agneta alibembeleza, akagomba, akamwaga, akalia. Mwanzoni mwa 2024 daktari alimwambia Cyrus ini limeharibika, aache kabisa. Alijibu, "Sawa, daktari," akaenda nyumbani akafungua friza. Ilikuwa inauma kumtazama.

Ijumaa, tarehe 15 Novemba 2024, baada ya chakula cha mchana, alianza kutapika damu kwenye beseni. Harrison alikuja mbio, Agneta akachukua simu aite ambulansi. Cyrus akamshika mkono.

"Mama Daisy, ngoja. Toeni chupa kwanza. Polisi wakizikuta mtafungwa nyote. Mtoto atabaki na nani?"

Friza ilikuwa kuukuu, barafu imejaa tele, chupa zimegandia ukutani. Harrison alimwaga maji ya moto, Agneta akachokonoa kwa mwiko, akigeuka kila mara kumtazama mumewe na beseni lake.

"Baba Daisy, wacha nipige!"

"Bado kidogo. Karibu kwisha, khalas."

Barafu haikuwa na haraka. Chupa ya mwisho ilipong'oka, Cyrus alikuwa hajibu tena.

Agneta alipiga simu, na ambulansi ikafika upesi. Wahudumu waliuliza jina na umri wake, wakambeba. Hakuna aliyeitazama friza. Alifariki hospitalini Jumamosi, tarehe 16 Novemba, akiwa na miaka thelathini na saba. Daktari alimwuliza Agneta kwa nini walichelewa hivyo.

Ameacha mama yake, Mama Kavulani, dada yake Caren, mkewe Agneta, binti yake Daisy, wa miaka tisa, na Harrison, ambaye tunamhesabu kuwa ndugu. Mungu ampokee na kumpa utulivu alioukosa hapa.

Agneta hakuweza kusimama kusema. Ameomba maneno yake yasomwe jinsi alivyoyatamka: "Mwenzako akianguka, piga simu. Chupa ziache hapo hapo. Mimi ningefungwa, ningetoka, ningemkuta."