Upande wa Kifaransa

NEJIB: Haloo? Nani huyo? Simu inakoroma.

SONDES: Ni mimi, Ami Nejib. Sondes, wa chama cha madaktari. Umeamkaje?

NEJIB: Alhamdulillahi, magoti tu. Eh, mmeshatuingiza wazee kwenye kompyuta?

SONDES: Bado kidogo. Nimefika kitabu cha mikutano cha mwaka sabini na nne. Kuna ukurasa umechanwa.

NEJIB: Panya hao.

SONDES: Panya wenye wembe, Ami? Umekatwa umenyooka—

NEJIB: Ruka, mwanangu, endelea.

SONDES: Ningeruka. Ila nimekigeuza kitabu.

NEJIB: Umekigeuza.

SONDES: Si mlikuwa mnaandika mara mbili? Kiarabu kutoka kulia, Kifaransa kutoka kushoto, vinakutana katikati. Ukurasa wa Kiarabu umekatwa. Wa Kifaransa upo.

NEJIB: Haloo? Sikusikii—

SONDES: Unanisikia. Mwandiko ni wako, Ami. “Daktari Khemais alitaja kipimo sahihi cha dawa ya usingizi ya msichana aliyefariki. Daktari Nejib amekiri kuwa yeye ndiye aliyezidisha.” Sasa mbona aliyefutwa udaktari ni Khemais?

NEJIB: Nilikiri Jumatatu. Ijumaa nikakana. Mwenyekiti alikuwa baba mkwe wangu, na kitabu nilikuwa nakitunza mimi. (anakohoa) Nilikata kwa haraka. Huo upande mwingine nikausahau kabisa.

SONDES: Ami, wewe ndiye uliyeniingiza kazini. Nikiziruka kurasa mbili, hakuna atakaye—

NEJIB: Usinifanyie hivyo.

SONDES: Basi sema upesi. Bi Zohra yuko hapa.

NEJIB: Mke wa marehemu Khemais? Hapo?

SONDES: Chumba cha pili. Macho hayaoni tena. Amekuja nimsomee kesi ya mumewe, anasema anataka kujua alikosea wapi.

(upande wa Nejib kiti kinaburutwa)

SONDES: Ami? Upo?

NEJIB: Mpe simu.

SONDES: Una hakika?

NEJIB: Mpe, kabla sijaogopa.

ZOHRA: Nejib! Mguu umepoa? Nimekutengea makroudh, vile vitamu vya tende, mwambie binti yako apitie—

NEJIB: Zohra, usinitengee kitu. Ile dawa… Khemais alitaja sawasawa. Nilizidisha mimi. Nikasema ni yeye.

(mtandao unakwaruza)

ZOHRA: Rudia.

NEJIB: Yule msichana alikufa mikononi mwangu. Namwonea haya Khemais hata kaburini, Zohra, wallahi—

ZOHRA: Nyamaza. Kila mwaka alikuwa anakwenda Nabeul kwa mama wa yule msichana. Kuomba radhi. Anapiga magoti mlangoni, mtu mzima.

NEJIB: Najua.

ZOHRA: Utaachaje kujua? Ulikuwa unampeleka kwa gari lako.

NEJIB: Zohra…

SONDES: Ni mimi, Ami. Amenirudishia simu. Anataka nimsomee huo ukurasa.

NEJIB: Msomee. Na uuweke kwenye kompyuta, na jina langu.

SONDES: Ananiita. Kwaheri, Ami.

NEJIB: Sondes, analia? Sond—

(simu imekatwa)