Tundu la Kitunga na Meza ya Bijou

Mgeni rasmi, Papa Hervé, mukubwa wa kampuni iliyotengeneza aplikasyo yetu ya telefone, Kitunga. Walimaji mliotoka Kavumu. Maman wote wa soko:

Karibu Kadutu. Umepanda mulima wetu kwa miguu, pole. Kiti kile ni chako, pumzi itarudi.

TULIKOTOKA
Sisi wauza mboga tulikuwa tunafunga safari mpaka Kavumu kutafuta shu, ndiyo kabichi, na karoti. Leo tunaandika katika Kitunga, mboga inashuka yenyewe.

TULIYOFANIKIWA
Hata koko, bibi muzee aliyeishia shule ya musingi, anaagiza bila kusomewa. Tena tulifundishana sheria moja: ujumbe ukisema "haraka, bonyeza hapa", huyo ni mwizi, ufute.

KILICHOTUPATA
Kitendawili, Papa! Sema: tega. Nyumba iko na tundu. Fundi analijua, mwizi analijua, mwenye kulala ndani halijui. Ni nani? Ni sisi.

Baada ya Pasaka ulituma mise à jour, Kitunga iliyotengenezwa upya, ya kuziba tundu ambamo wezi wanapitia. Iliandikwa "haraka, bonyeza hapa". Tukafuta, tukapongezana! Na ile iliyoitangulia ilileta rangi na maua tu, ikakula mega zetu zote za internet. Hamu ya kupokea ingine ingetoka wapi?

Mwizi akapitia tundu lile, akaingia katika Kitunga ya mwenzetu Bijou, akaagiza shu kwa jina lake, akazipokea barabarani, akapotea. Maman Emérence, mulimaji wake, akapiga simu:

"Bijou, hujanilipa, makuta ya shu yangu iko wapi?"

"Shu gani, maman?"

"Ah! Sasa unanichezea!"

Toka siku ile, Kavumu haimutumii Bijou hata jani. Meza yake iko tupu katikati yetu.

MAOMBI
Tunatamani kujua: nani anaonaga tundu wa kwanza? Na kwa nini dawa ya tundu inachanganywa na maua? Ije peke yake, nyepesi, hata telefone za zamani ziipokee. Itokee ndani ya Kitunga yenyewe, iseme kwa Kiswahili inaziba nini. Habari ya tundu itangazwe dawa ikisha kutufikia, si mbele, mwizi asiisikie kwanza. Na tukiikataa, utuulize sababu.

Ombi la mwisho. Maman Emérence ndiye yule nyuma, mwenye kitambaa cha buluu. Tumemuelezea, anasema tunamutetea mwenzetu. Simama, Papa, umuambie kwa kinywa chako kwamba tundu lilikuwa lako.

Mungu abariki mikono ya mafundi wako, mashamba ya Kavumu, na meza ya Bijou ijae.

Ni sisi, Maman Wauza Mboga wa Kadutu.
Imesomwa na Koko Adélaïde, ambaye haketi mpaka usimame.