Mfupa wa Mama Yake Senteu

Benchi letu hapa Karatu lina madaktari bingwa wawili, na hakuna aliyesomea. Profesa, mkulima wa Mbulumbulu, aliacha shule darasa la sita. Gia Nne, dereva, anapeleka watalii kreta kutazama wanyama, basi eti anajua kila kiumbe. Mimi kazi yangu ni kumimina kahawa. Leo mgonjwa wetu ni mama yake Senteu, aliyeanguka akikimbiza ndama kule Olbalbal, paja likavunjika. Juzi amewekewa chuma hospitali, na Senteu amekuja kutueleza maneno ya daktari.

SENTEU: Anasema ndani ya uboho kuna seli changa. Nyingine zinakuwa mfupa, nyingine mafuta. Ukizeeka, nyingi zinakimbilia mafuta, mfupa unachelewa kuunga.

PROFESA: Kama vijana wetu! Zamani wote walilima ngano, leo wote wanataka kuendesha watalii.

GIA NNE: Umeanza.

PROFESA: Kosa ni lenu Wamasai. Mtu akivunjika, mnamchemshia supu ya mifupa. Seli zinaona mafuta yanaelea, zinaiga. Samaki mkunje angali mbichi.

SENTEU: Samaki katoka wapi? Yeyo, mama yangu, hali samaki.

GIA NNE: Dawa ni uboho wa pundamilia. Kreta nzima, nani amemwona pundamilia na mkongojo?

PROFESA: Hakuna!

GIA NNE: Mdunge mama sindano moja, kesho anamrudia yule ndama.

MIMI: Na mistari ikimtoka?

GIA NNE: Itazoeleka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

SENTEU: Na paja lile atainamaje? Jamani, mimi naogopa. Nimebaki na yeye tu. Daktari kasema kila asubuhi ashikwe, asimame kidogo, uzito ndio unaziamsha seli zijenge mfupa.

PROFESA: Kusimama ni jambo dogo, tutalifikia. Kwanza tumalize supu.

Nikawaongezea kahawa. Ndipo akapita Dorkasi, jirani yetu anayemuuguza dada yake wodi hiyohiyo, ana chupa ya uji mkononi.

DORKASI: Senteu! Kumbe uko hapa? Mama yako amekaa ukingoni mwa kitanda tangu asubuhi, miguu chini, anatazama mlango. Nesi akitaka kumshika anakataa, anasema mwanangu anakuja. Sasa narudi huko. Nikamwambie ulikuwa wapi?

Profesa, anayejibu hata asiyoulizwa, aliinamia kikombe chake. Gia Nne akaanza kutafuta funguo za gari. Senteu alikuwa ameshaondoka mbio, shuka linapepea, na wala hakutuaga.