Mlango wa Tamar

Benchi letu liko Hockley, huku ughaibuni, mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Francine, ubavuni mwa karakana ya sonara. Jumamosi ile kulikuwa na manyunyu, tumebanana chini ya turubai: mimi, Dagane, dereva wa teksi Msomali wa Eastleigh ambaye tunamwita Redio, na Ignace wa Bukavu, msafishaji wa hosteli za chuo, jina la kijiweni Pasta ingawa hajawahi kuhubiri. Pasta hakugusa kikombe. Mikono ilimnuka dawa ya kuondolea rangi.

— Sema basi, Mama Francine akamhimiza.

— Asubuhi nimekuta kwa mulango ya Tamar, ule mutoto Myahudi, wameandika na rangi nyekundu: "Wayahudi tokeni." Bosi ananiambia futa mbio, leo wazazi wanakuya kuona chuo. Niko nafuta, Tamar mwenyewe akafungua, na valizi ya nguo mukononi. Akaniambia, "Pole kwa kazi." Akaenda kupanda treni.

— Ulipiga picha? nikamuuliza.

— Hapana. Sasa chuo kinasema bila ushahidi hakuna kesi.

Redio akacheka kwa pua.

— Manze, hiyo ni game. Ameandika mwenyewe.

— Rangi alitoa wapi? Mama Francine akauliza.

— Wanapewa! Serikali inataka sababu ya kuweka kamera kila korido, halafu tushikwe sisi.

— Redio, nikamwambia, juzi ulisema kamera zimejaa tayari.

— Hizo ni za zamani. Na Gaza watu wanakufa chini ya vifusi, nyinyi hapa mnalilia mlango?

— Watu wa Gaza nawalilia pia, Mama Francine akasema. Lakini huyu msichana wa miaka kumi na tisa, yeye ameua nani?

— Wote ni kitu kimoja.

Pasta akainua kichwa.

— Ni vile walisema juu yetu, kule kwetu. Wote ni kitu kimoja. Kisha wakachoma nyumba.

Ndipo tukamwona Khadijo, mpwa wa Redio, anayesoma chuo hicho hicho. Alikuwa amesimama nyuma yetu, amesikia.

— Mjomba, mwaka jana nilipovuliwa hijabu kwenye basi, ulisema nimejivua mwenyewe?

Siku ile ya hijabu Redio aliziba barabara kwa teksi yake, akakataa kusogea mpaka polisi walipofika.

— Khadijo, andika kwa simu, Pasta akasema. Mimi niliona. Weka jina yangu yote.

— Ignace, kazi je? Watakutoa! Mama Francine akasema.

— Watoe.

Khadijo akaandika, akatuma chuoni. Jumatatu Pasta akaambiwa hana zamu tena. Wiki ya tatu chuo kikajibu kwamba kimeanza uchunguzi, na Khadijo akampigia Tamar palepale benchini kumpa habari. Redio akamgusa Khadijo mkono.

— Mwambie akirudi nitamchukua stesheni. Nimfikishe mpaka mlangoni. Kila siku, kama anataka.

Khadijo akayasema yote. Akasikiliza muda mrefu, akakata simu.

— Anashukuru. Anasema chumba amekirudisha. Hasomi tena.

Redio alibaki akimtazama, kana kwamba kuna jibu jingine linakuja.