Pafu la Ulan Lilipotulia

Manyoya meupe ya mbegu za miti ya mipopla yalikuwa yakielea polepole kama theluji iliyopotea njia, yakitua kwenye benchi nje ya hospitali, kwenye kofia, hata ndani ya bakuli za chai. Toktosun hakuyapuliza. Mchana ule mdogo wake Ulan, katika mchezo wa kugombea mzoga wa mbuzi juu ya farasi, alianguka, na farasi akamlalia kifuani. Sasa alikuwa ndani. Rafiki zake wawili aliokuja nao, walioitwa Redio na Dereva kwa utani, walikwishaanza porojo zao.

– Eksrei hawakumpiga? – Redio aliuliza.

– Daktari Aizada kakataa, – Toktosun alijibu. – Iko jengo la pili, anasema akimhamisha atamfia njiani. Kampima palepale kitandani na ultrasaundi.

– Ile ya wajawazito? – Dereva akacheka. – Kwani Ulan ana miezi mingapi?

– Acha utani, wewe! – Redio alimkemea. – Mashine ile inasikia. Ukikohoa kule mjini Bishkek, yenyewe inakusikia hapa Naryn.

– Kama mke wangu, basi.

– Hata ndoto inaona! Mtu akiota farasi, farasi anapita kwenye kioo.

– Farasi sikumwona, – Toktosun alisema.

Redio na Dereva wakamgeukia.

– Daktari alinionyesha, – Toktosun aliendelea. Upande wa kulia pafu linateleza, linametameta kama kijito juu ya kokoto. Akahamia kushoto. Mstari wa pafu umelala tu, hauchezi. Akaniambia, "Hewa imevuja kifuani, imelibana pafu, limenywea." Akashika sindano, akanitoa nje.

– Kunywa chai, ndugu yangu, – Redio alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

Hakunywa. Kila akifumba macho aliuona mstari ule, mweupe, umenyooka kama ziwa lililoganda, na Ulan akiwa mtoto tena, akitembea juu yake kwenda mbali, asigeuke akiitwa.

Mlango ukafunguka. Nesi wasiyemjua akachungulia.

– Nani ndugu yake Ulan? Hewa imetoka, pafu limefunguka. Tumepima tena, linacheza pande zote mbili. Ila hatulii, anamuuliza kila mtu: mchezoni nani kashinda?

Walitazamana. Wote watatu walikuwa wameuacha mchezo katikati, wakakimbilia gari lililombeba Ulan; hakuna aliyemjua mshindi. Toktosun alifungua kinywa ajibu, machozi yakamtangulia.